Kithembe cha Kathambi

Kaaga, Meru
21 Mei 1989

Kwa babu yangu Guka,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana Baba anasema siku hizi huketi chini hata kidogo. Sisi tu wazima. Baba ana kikohozi lakini hataki kiitwe kikohozi, anakiita vumbi la duka. Baiskeli haziharibiki mvua ikinyesha, kwa hivyo vipuri vyake vinamtazama tu. Mdogo wangu Bundi ameng'oka meno ya mbele, na akiulizwa anasoma darasa la ngapi anatema mate kwanza. Mimi niko kidato cha pili, dawati la nyuma, na bado siinui mkono hata nikijua jibu. Mwalimu wa historia ananiita Bubu. Ednah, jirani yangu wa dawati, humwambia, "Mwalimu, anaongea, ila anaongea na karatasi."

Mwiko uliompa rafiki yako Ngari atuletee ulifika. Guka, usikasirike. Mama aliusongea ugali ukavunjika katikati, kipande kimoja kikapotea sufuriani mpaka Baba alipokiuma. Nilicheka nikakimbilia nje. Mpini nimeuweka kwenye mkoba wangu wa vitabu. Sijui ni kwa nini. Ukiugusa unasikia mahali kisu chako kilipoteleza.

Nyumba yetu ya Kinoru imekuwa kubwa tangu ustaafu ualimu ukamchukua bibi yangu Cucu mkarudi kwenu Mbeere. Sasa Baba anasema likizo ya Agosti nije nikae kwenu nimsaidie Cucu kazi, ati amechoka. Guka, nakuomba kitu kimoja tu. Mwandikie Baba umwambie hamhitaji msaada. Mwambie wanafunzi wa kidato cha pili wanasoma sana. Si kwamba sitaki kukuona wewe.

Nijibu kwa sanduku la shule, si la Baba.

Mimi,
Kathambi

*

Ishiara
18 Juni 1989

Kwa mke wangu mdogo,

Siku uliyopewa jina la Cucu wako nilikuoa mbele ya ukoo mzima, na wewe ukanikojolea shati. Kwa hivyo mume anauliza kwanza: umekula nini? Je, bado unamwachia Bundi nyama yako ukisingizia umeshiba?

Huku kwetu mvua ilitudanganya. Ndengu zimetoka, mahindi yamekataa. Mbuzi mweusi amezaa pacha, mmoja ana kiburi cha baba yako. Mwambie huyo mwalimu wa historia kwamba nimefundisha miaka mingi, na wanaoinua mkono sana ndio ninaosahau majina yao.

Pole kwa jino la baba yako. Ngari aliposikia mwiko umevunjika alikaa chini akacheka. "Mwalimu," akaniambia, "ulichonga chaki!" Ni kweli. Yeye huchonga mizinga ya nyuki tangu ujana, na kati ya mizinga yake miwili mmoja hukaliwa na mijusi, lakini mdomo wake hauchoki. Ndiye aliyeniazima tezo. Nilipoishika mara ya kwanza nilikata kiatu.

Lakini nikwambie jambo. Maisha yangu yote kazini nilishika chaki. Chaki hupungua mkononi, na kile ulichoandika hufutwa kabla ya kengele. Sasa nashika mti. Nao hupungua, lakini unavyopungua ndivyo kitu kinavyotokea ndani yake. Juzi nilichonga kigoda, miguu mitatu, mmoja mfupi. Nilikizunguka asubuhi nzima kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Sikujua mtu anaweza kufika umri wangu akiwa na furaha ambayo hajawahi kuigusa.

Nimemwandikia baba yako. Nimesema hatuhitaji msaada.

Cucu anakusalimu. Ameuliza kama bado unaogopa jogoo. Jioni hupenda kukaa barazani kwa sababu ya upepo.

Katika barua yako hukumsalimu. Sikuulizi.

Wako,
Guka Kithaka

*

Kaaga
16 Julai 1989

Guka mpendwa,

Salamu nyingi. Huku ni ukungu hadi saa nne, tunasoma tukiwa na sweta mbili. Baba alipokea barua yako akaisoma amesimama, akaiweka mfukoni. Mama alimuuliza, "Mzee anasemaje?" Akajibu, "Anasema yuko sawa." Halafu akaenda kufunga duka, na lilikuwa limeshafungwa.

Guka, mimi sijawahi kuogopa jogoo. Ni mimi ninayewashika Krismasi Baba akinoa kisu, wewe mwenyewe ulikuwa ukinisifu. Kwa hivyo sijui Cucu alimsalimu nani.

Nimekaa na hilo swali wiki nzima. Nafikiri unanificha kitu. Lakini na mimi nimekuficha, kwa hivyo nitaanza mimi, ili usione haya.

Aprili tulipokuja kwenu likizo, wewe ulikuwa umeenda na Baba kutazama shamba la ndengu. Mimi nilimpelekea Cucu uji barazani. Alinitazama akaniuliza, "We msichana, wewe ni wa nani?" Nilidhani ni utani, kama ule wako wa mke. Nikasema, "Mimi ni Kathambi." Uso wake ukabadilika. Akasema, "Kathambi ni mimi." Nikasema ndiyo Cucu, nilipewa jina lako. Akanishika mkono, hapa juu ya kiwiko, na ana nguvu, Guka. Akasema, "Nani alikupa? Mimi bado niko hai. Nirudishie." Akawa anapiga kelele kwa majirani, ati mwizi, ati mtoto mgeni ameingia kwao kuiba jina. Uji ulimwagika kwenye nguo yake. Alinikodolea macho kwa hofu, na mimi ndiye niliyekuwa nimekuja kumpa uji.

Nilimwambia Mama ninaumwa na tumbo. Ndiyo maana tuliondoka mapema.

Tangu siku hiyo mwalimu akiita majina darasani, likifika langu, naliacha lipite. Ednah ndiye anayeniitikia. Nahisi kama nimevaa nguo ya mtu na mwenyewe ananitafuta.

Sasa wewe.

Kathambi
(sina lingine la kuandika hapa)

*

Ishiara
27 Agosti 1989

Mke wangu mdogo,

Nimekawia. Barua yako niliisoma nikaikunja, nikaisoma tena. Huku tu wazima kwa kiasi. Mbuzi mwenye kiburi ameuzwa. Ngari ameumwa na nyuki wake mwenyewe kwenye mdomo, na kijiji kimepata amani ya juma zima.

Pole, mtoto wangu. Mkono wako sikuuona. Ningeuona ningekueleza siku ile ile.

Cucu wako haingii nyumbani. Sikuandika hivyo kwa sababu kalamu ilikataa. Tangu mwaka uanze, jua likishuka hufunga vitu kwenye kanga yake: nguo moja, sabuni, kitana. Hukaa barazani na kifurushi magotini akingoja kupelekwa kwao Muthara. Lugha ya Mbeere aliyoongea nami miaka yote ya ndoa imemtoka, amebaki na Kimeru cha kwao. Nikimwambia, "Kathambi, ingia, kuna baridi," hujibu kwa adabu, "Mzee, siwezi kulala katika nyumba ya mwanamume ambaye watu wake hawajaleta asali kwa mama yangu. Mimi si wa kuokotwa." Nimemtolea kitanda barazani. Mimi nalala kwenye mkeka, mbali kidogo. Karibu hataki, hanijui.

Nawe ujue kwamba anasema kweli. Kwao, msichana haondoki kabla kithembe hakijaingia jikoni kwa mama yake, lile pipa dogo la mti lenye asali na kifuniko cha ngozi. Mimi nilipeleka ng'ombe, nikapeleka kondoo. Lakini baba yake alikuwa mzee wa kanisa na aliogopa pombe kuliko nyoka. Akasema, "Asali itachachushwa na hawa ndugu zangu walevi. Leteni sukari." Tukapeleka gunia la sukari. Watu walicheka Muthara yote. Cucu mwenyewe alikuwa akiniambia, tukiwa vijana, "Mimi niliolewa kwa chai." Tulicheka. Kumbe kulikuwa na mahali ndani yake ambapo hakucheka.

Ndiyo sababu ninachonga. Mwiko na kigoda vilikuwa mazoezi ya mkono. Ngari alinipa kithembe cha marehemu baba yake. Cucu akakinusa akakirudisha. "Hiki kimeshaoa mwanamke mwingine," akasema. Lazima kiwe kipya. Nikakata gogo la muringa huko juu Runyenjes, nikalitoboa kwa patasi ndefu kutoka pande zote mbili hadi mashimo yakakutana. Siku hiyo niliona mwanga ukipita katikati, nikaita watu waje waone, wakadhani nyumba inaungua. Halafu nikafanya haraka. Nilikianika juani. Kikapasuka kwa mlio kama wa bunduki, na Cucu akalia.

Cha pili kiko kivulini, ncha zake nimezipaka mavi ya ng'ombe ili kikauke polepole. Ngari anasema hadi Novemba. Nimemwambia kwamba Cucu hatafika Novemba akiwa na akili aliyo nayo leo. Akajibu, na safari hii hakucheka, "Mwalimu, mti haujui haraka ya mtu."

Kuhusu jogoo, hakukusalimu wewe. Nilikupa salamu za mwingine kwa sababu nilitaka upate salamu. Alikuwa akimuulizia Igoki, mdogo wake wa kike, aliyekuwa akikimbizwa na jogoo wa kwao kila asubuhi. Igoki alikufa kwa surua mwaka uliotangulia arusi yetu. Alikuwa wa umri wako.

Kuna jambo moja limebaki. Asali hupokelewa na mwanamke wa upande wa bibi arusi. Mke wa Ngari amejitolea, lakini Cucu anamjua kwa lafudhi kuwa ni wa Mbeere. Muthara hakubaki mtu. Sijui itakuwaje.

Kula vizuri.
Guka

*

Kaaga
8 Oktoba 1989

Guka,

Salamu. Tuko wazima. Bundi ameota jino moja na anamwonyesha kila mgeni. Mtihani wa mwisho wa mwaka unaanza mwezi ujao. Mvua hapa imeng'oa bati la choo cha walimu, na wasichana wote walifurahi isipokuwa yule aliyekuwa ndani, ambaye ni Ednah. Alitumwa kupeleka sabuni. Sitakuandikia alichosema.

Barua yako niliisoma nyuma ya uwanja wa mpira wa wavu. Sikujibu mapema kwa sababu kila nikianza nalia na wino unatambaa.

Nitakwambia yaliyo nyumbani. Baba anataka kumleta Cucu kwetu Kinoru, Januari. Amekisafisha chumba cha nyuma. Amepaka rangi, ameweka godoro jipya. Alikuwa anafanya kazi hiyo akipiga mluzi, nikafurahi. Halafu nikaona komeo alilopigilia mlangoni. Guka, liko upande wa nje.

Nilisimama nalitazama, Baba akaja nyuma yangu. Hakunikaripia. Alisema, "Juzi Guka wako aliniandikia kwamba Cucu alitoka peke yake akakutwa njia ya mtoni. Unataka nimzike mama yangu kwa mamba?" Kisha akasema polepole, "Na mimi hanijui, Kathambi. Unafikiri wewe ndiye wa kwanza?"

Hilo la mtoni hukuniambia.

Sijasema nitakuja. Nauliza tu: Igoki alikuwa anaongeaje?

K.

*

Ishiara
12 Novemba 1989

Mke wangu mdogo,

Barua yako ilinikuta nikipiga msasa. Tu wazima. Mvua imeshuka sawasawa, hata mawe yameota majani.

La mtoni sikukuandikia kwa sababu alirudi. Alikuwa anatafuta njia ya Muthara. Baba yako ana haki ya kuogopa. Nimemwandikia aje Desemba, atazame kwa macho yake, kisha aamue. Nikishindwa, nitamsaidia kufunga kifurushi.

Igoki nilimwona mara mbili tu. Mara ya kwanza alitoka jikoni kutazama wageni, akaniona, akaziba mdomo kwa kiganja akarudi mbio. Mara ya pili aliniletea maji. Aliongea kwa sauti ndogo, maneno machache, kama mtu anayeogopa kuyachakaza. Nilipomshukuru alisema, "Ni ya kisima," akakimbia. Cucu aliniambia baadaye, "Huyo ndiye mwenye akili kwetu, ila ameificha."

Sijui kama hilo linakusaidia.

Kithembe kiko tayari. Hakikupasuka. Kiunoni nimekizungushia mstari wa pembe pembe, kama vilima vya Tigania vinavyoonekana ukiwa Muthara. Ukiutazama kwa makini utaona mahali mkono ulipotetemeka, kwa hivyo kilima kimoja kimelegea. Ngari alitaka nikifute. Nimekiacha. Kwa mara ya kwanza maishani nimetengeneza kitu ambacho singependa mtu anisahihishie.

Guka

*

Kinoru, Meru
14 Januari 1990

Guka mpendwa,

Tulifika salama. Baba alilala njia nzima, kichwa begani kwa Bundi. Mama anauliza kama tulikula, na ninamwambia tulikula asali hadi tukachoka. Shule imefunguliwa. Niko kidato cha tatu, bado dawati la nyuma.

Nakuandikia kwa sababu siku ile ya kuleta asali ulikuwa nje na wenzako, na yaliyokuwa jikoni hukuyaona. Tulipoagana nilitaka kukwambia, nikaishia kukupungia mkono. Unanijua.

Ulipotuambia jikoni ndiko kwao Muthara na kwamba nyinyi mtakuja kutoka langoni mkiimba, Cucu alikuwa ameketi kwenye gunia la makaa na kifurushi chake. Niliingia. Alinitazama kama Aprili, kwa macho yale yale. "We msichana, wewe ni wa nani?"

Guka, jina langu lilikuja hadi hapa kooni. Nilitamani sana, mara moja tu, alipokee. Nililimeza. Nikasema, "Ni mimi, Igoki."

Hakupiga kelele. Mikono yake ndiyo iliyotangulia, ikanishika mashavu. "Igoki! Ulikuwa wapi? Uji umepoa!" Akanirekebisha kola. Akaniuliza, "Jogoo hakukukimbiza?" Nikaziba mdomo kwa kiganja, nikasema, "Alinikimbiza hadi kwenye mti." Alicheka, Guka. Hujamsikia akicheka hivyo miezi mingapi? Akasema, "Na wewe badala ya kupanda mti ulisimama ukamwomba msamaha!"

Halafu tukawasikia mkiimba. Ngari aliimba vibaya sana. Cucu akanishika akasema, "Wanakuja. Tazama, wamebeba sukari?" Nikachungulia. Nikaona ulivyojaribu kukiinua kithembe kikakushinda, na Baba, aliyekuwa amesimama kando mikono mfukoni kama mtu asiyehusika, akakuondolea akakiweka begani mwake. Nikamwambia, "La, dada. Wamebeba kithembe."

Nilikipokea kwa mikono miwili kama ulivyonifundisha. Baba hakunitazama, macho yake yalikuwa mekundu. Nikafungua ngozi, nikachovya kidole nikaonja, kisha nikampa Cucu. Alifumba macho. Alipitisha kidole kwenye vile vilima, akafika kwenye kile kilicholegea akasimama hapo. "Aliyechonga hiki ni kijana au ni mzee?" Nikasema, ni mzee wa upande wao. Akasema, "Mkono wake unatetemeka. Lakini huyu hakuwa na haraka nami."

Hilo ndilo nililotaka ulijue. Alisema, "Hakuwa na haraka nami."

Ndipo mlipomwona akisimama, akaacha kifurushi chini, akatembea mwenyewe hadi mlango wa nyumba akaingia.

Baba ameling'oa komeo. Matundu ya misumari yamebaki, ameyaziba kwa sabuni.

Nami nimefurahi, usifikiri sikufurahi. Ila siku ya kuondoka aliniita niende pembeni akaninong'oneza, "Igoki, nikizaa msichana atakuwa na jina la mama wa bwanangu. Lakini mjukuu ndiye atakayekuwa na langu. Natamani nimwone." Nilisema, "Utamwona." Kisha nikapanda gari.

Mjukuu wako,
Kathambi

*

Ishiara
11 Februari 1990

Mke wangu mdogo,

Salamu zako zimefika. Barua yako sikumsomea mtu. Hata Ngari, aliyekaa karibu akijifanya anatafuta nyundo.

Kunde zimekauka. Nimechonga vijiko saba, na mama mmoja wa kanisani ameniomba kinu. Mikono haitaki kupumzika. Nikiacha, ndipo nasikia nyumba.

Cucu analala ndani. Anakula. Anafagia. Ameweka kithembe karibu na kichwa cha kitanda, na asubuhi hukigusa kabla ya kuamka. Kifurushi amekifungua, sabuni imo bafuni. Majirani wananipongeza, nami naitikia.

Lakini umenizoeza kusema ukweli, kwa hivyo nasema. Ameingia kama bibi arusi. Sasa anamngoja bwana arusi. Jioni huoga, hupaka mafuta, huketi kitandani na mlango wazi. Nikiingia na taa hutazama nyuma yangu, kama kuna mtu ananifuata. "Mzee," ananiambia, "kijana wenu anakawia. Kithaka yuko wapi?"

Mara ya kwanza nilisema, "Kathambi, Kithaka ni mimi." Alijifunika shuka hadi shingoni. Aliogopa, akasema, "Usinitanie, mzee wangu, wewe ni sawa na baba yangu." Kisha akanionea huruma, akaniuliza kama nimekula.

Sikurudia. Sasa naondoka, namwachia taa. Nimerudi kwenye mkeka wangu barazani. Si vibaya, kuna upepo. Nilichonga kithembe ili aingie ndani, na ndani amefika. Sikufikiri kwamba atakayebaki nje ni mimi.

Jana aliuliza tena. Nilipandisha utambi wa taa nikatoka. Nimefundisha watoto elfu kujibu maswali.

Guka

*

Kaaga
4 Machi 1990

Guka,

Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine. Ni ya Cucu. Msomee jioni kwa sauti, kwa Kimeru cha Muthara kadiri unavyoweza. Usiruke mahali, hata ukiona haya.

Mwalimu wa historia aliita majina Jumatatu. Niliitikia mwenyewe. Ednah alianguka kwenye dawati akisema amefutwa kazi.

K.

*

Kwa dada yangu Kathambi,

Ni mimi, Igoki. Sisi huku tu wazima. Mama anakusalimu, anasema asali ni nzuri na hakuna aliyeichachusha. Jogoo ni yule yule. Siku hizi nasimama, naye anasimama, tunatazamana, kisha kila mtu anaenda zake.

Nimesikia unamngoja Kithaka. Usikasirike naye. Alipelekwa mbali kufundisha watoto, na njia ya kurudi ni ndefu, inapita miaka mingi. Hajakuacha. Niliwauliza watu wao nikahakikisha.

Lakini dada, nimesikia pia kwamba yule mzee aliyechonga kithembe analala barazani. Kwetu tangu lini mtu aliyeleta asali akalazwa nje? Mama atasema nini? Mwite aingie. Mpe kile kiti kilicho karibu na kitanda, na blanketi, maana magoti yake yanauma na hatakwambia. Kahawa yake haitaki sukari. Akishika kikombe mkono wake utatetemeka. Wewe unajua ni kwa nini, uliuona ule mkono kwenye vilima.

Huyo mzee anamjua Kithaka kuliko mtu yeyote. Ukitaka kujua bwanako anapenda nini, anaogopa nini, alisema nini siku alipokuona mara ya kwanza, muulize yeye. Atakusimulia. Mngojeni Kithaka pamoja.

Na akikuuliza jina lako, mwambie. Anapenda kulisikia.

Mdogo wako,
Igoki